"Mvua za El Nino" na Maneno Mengine Yafichayo Sababu: Uhakiki wa Istilahi za Misimu

Miongoni mwa maneno ya kigeni yaliyoingia katika Kiswahili bila kupiga hodi mlangoni pa baraza lolote, ni machache yaliyoenea upesi kama El Nino. Kabla ya mwisho wa mwaka 1997 neno hili lilijulikana na wataalamu wa hali ya hewa na pengine na walimu wachache wa jiografia. Kisha ikaja vuli ya mwaka ule, vuli iliyokataa kwisha, ikavuka hadi miezi ya kwanza ya mwaka 1998, ikabomoa barabara na madaraja katika Kenya, Tanzania na Somalia. Na tangu hapo kila mvua iliyozidi kiasi, iwe ya Novemba au ya Aprili, imekuwa ikiitwa "mvua za El Nino".

Mwalimu mmoja wa jiografia alipata kutuonyesha madaftari ya wanafunzi wake. Aliwauliza: El Nino ni nini? Walio wengi walijibu kwamba ni mvua kubwa iletayo mafuriko. Mwalimu akatuuliza sisi kama ilimpasa kumkosesha mtoto ambaye amesema vile vile kama isemavyo redio, gazeti na mheshimiwa jukwaani. Hatukuwa na jibu siku ile. Makala haya ni jitihada ya kumjibu, na katika kumjibu tumejikuta tukilazimika kuyapitia maneno mengine mengi ambayo watumishi wa serikali na wafasiri huyatumia kila mwaka wanapoeleza kwa nini mvua za mwaka huu si sawa na za mwaka jana.

Tuanze na jina lenyewe. El Nino ni maneno ya Kispania yenye maana ya "mtoto wa kiume", na hapa aliyekusudiwa ni Mtoto Yesu. Wavuvi wa pwani ya Peru waliuita hivyo mkondo wa maji ya vuguvugu uliowafikia panapo majira ya Krismasi. Wataalamu wakalichukua jina hilo na kulipa maana pana zaidi: kupata joto kupita kawaida kwa uso wa Bahari ya Pasifiki, sehemu za katikati na mashariki, karibu na ikweta, kwa muda wa miezi kadhaa. Katika maana hiyo hamna hata tone moja la mvua. Kinachoelezwa ni hali ya bahari, tena bahari iliyo mbali nasi mno. Mvua, au ukosefu wake, ni jambo linaloweza kufuatia au lisifuatie, kwa kadiri ya mahali na kwa kadiri ya majira.

Na hapa ndipo ubaya wa "mvua za El Nino" unapojitokeza wazi. Huko India, mwaka ambao Pasifiki imepata joto ni mwaka wa kuhofia ukame, wala si wa kuhofia mafuriko. Njaa kuu ya miaka 1876 hadi 1878, iliyoua mamilioni ya watu katika nchi ile, iliambatana na El Nino yenye nguvu sana. Mkulima wa Maharashtra akisikia jina hilo hutazama kisima chake. Mkulima wa Kilosa akilisikia hutazama kingo za mto. Tulipata kusoma tafsiri moja ya maelezo juu ya mvua za India ambamo mfasiri, kwa kutoamini macho yake, aliandika kwamba mvua zilipungua kwa sababu El Nino "ilipungua". Asili ya maandishi ilisema kinyume chake kabisa. Tusimlaumu sana mfasiri huyu. Kwake yeye El Nino ni mvua. Na mvua haiwezi kuwa sababu ya ukosefu wa mvua. Alisahihisha kosa ambalo halikuwapo, na lugha yake ndiyo iliyomfundisha kulisahihisha.

Kosa la namna hii lina historia ndefu kidogo, nayo huanzia katika neno "msimu" lenyewe. Waarabu walikuwa na neno mawsim, lenye asili katika kitendo cha kutia alama: wakati uliotiwa alama, majira ya safari, ya mavuno au ya hija. Sisi tulilipokea tukasema msimu. Wareno walilisikia katika bahari hii hii ya Hindi wakalipeleka kwao, na kutoka kwao likafika Ulaya ya kaskazini likiwa jina la pepo zinazogeuka mara mbili kwa mwaka. Karne kadhaa baadaye likarudi kwetu katika vitabu vya shule, likiwa limevaa suti, na kuitwa "monsuni". Basi tukawa na wana wawili wa mama mmoja ambao hawajuani. Mwanafunzi husoma "pepo za monsuni" akadhani ni jambo la Bara Hindi, na hali babu yake alisafiri Uarabuni kwa pepo hizo hizo akiziita kusi na kaskazi.

Yafaa ikumbukwe kwamba huu si undugu wa maneno tu. Mwaka 1969 J. Findlater alichapisha maelezo ya mkondo wa upepo wenye kasi kubwa uvumao chini chini, si mbali na ardhi, kutoka kusini mwa Bahari ya Hindi, ukavuka ikweta juu ya mashariki mwa Kenya, ukapita Somalia, kisha ukapinda kuelekea Bahari ya Arabu na India. Upepo huo ni kusi yetu. Unyevu unaonyesha mvua pwani ya Kerala mwanzoni mwa Juni umebebwa kwa sehemu kubwa na upepo uliopita milangoni petu. Kwa hiyo mfasiri anayeandika kwamba "monsuni ya India imechelewa" anaandika, bila kujua, habari ya kusi.

Je, basi tuseme tu "msimu" mahali pa "monsuni"? Tungependa iwe rahisi hivyo. Lakini wenzetu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania wana matumizi yao ya neno hili, nayo yamekwisha kukita mizizi: mbali ya Vuli na Masika katika sehemu zenye misimu miwili ya mvua, wanazo "mvua za Msimu", yaani zile zinyeshazo mara moja kwa mwaka, kuanzia Novemba hadi Aprili, katika mikoa ya magharibi, ya kati na ya kusini. Hivyo mtu wa Songea au Tabora akisoma "mvua za msimu wa India" ataelewa jingine. Shauri letu ni hili: pepo ziitwe pepo za misimu, kwa wingi, maana ni misimu miwili na upepo hugeuka baina yake; na mvua za India ziitwe "mvua za kusi za India", kwa kuwa ndiyo kusi iziletayo kati ya Juni na Septemba. Tunajua wapo watakaosema kwamba huko India upepo huo hutoka kusini-magharibi, wala si kusini-mashariki kama tuufahamuvyo sisi. Ni kweli, ni upepo ule ule uliopinda baada ya kuvuka ikweta. Nahodha haubadilishi jina upepo kwa sababu umepinda.

Kuhusu "mvua ndefu" na "mvua fupi", tunayoyasikia hasa katika matangazo ya Kenya, tusipoteze wino. Urefu wa mvua ni nini? Masika na vuli ni maneno ya wenyewe, na yanatosha.

Sasa tuingie katika kiini cha hoja yetu. Msamiati wa pwani juu ya majira ni tajiri ajabu. Kuna kaskazi na kusi. Kuna masika na vuli. Kuna mchoo na kipupwe. Kuna demani, kusi inapopoa. Kuna maleleji, pepo zinapogeukana na tanga halijui lielekee wapi. Kuna hesabu ya makumi inayoanzia siku ya Nairuzi, ambayo mabaharia na wakulima waliitumia kujua ni siku ya ngapi ya mwaka wa jua. Ukiyatazama maneno haya yote utaona kwamba kazi yake ni moja: kutaja kile kinachorudi. Yanasema mwaka huzunguka, na kila jambo lina mahali pake katika mzunguko huo. Lakini tunapotaka kutaja kile kisichorudi sawasawa, yaani tofauti ya masika ya mwaka huu na masika ya mwaka jana, tunajikuta tuna neno moja tu la kubebeshwa kila mzigo, nalo ni "mabadiliko".

Mabadiliko ya msimu, mabadiliko ya mvua, mabadiliko ya hali ya hewa, mabadiliko ya tabianchi: msomaji afanyeje kutofautisha? Upepo kugeuka kutoka kaskazi kuwa kusi ni badiliko la kila mwaka, lenye kutarajiwa. Mvua kuzidi mwaka huu na kupungua mwakani ni kupanda na kushuka pembezoni mwa kiwango fulani. Joto la dunia kuongezeka tangu karne ya 19 ni mwendo wa upande mmoja. Haya ni mambo matatu yenye sababu tatu, nasi tumeyavika kanzu moja. Matokeo yake twayaona katika ripoti za wilaya: vuli ikikosekana, mwandishi huandika kuwa ni "mabadiliko ya tabianchi", na mwaka wa pili yake ikifurika huandika hayo hayo. Hasemi uongo kwa makusudi. Amepewa neno moja, naye amelitumia. Lakini anayeisoma ripoti ile ili apange bajeti ya mbegu au ya madaraja hawezi kujua kama ajiandae kwa jambo litakalodumu au kwa jambo litakalopinduka mwakani.

Tunashauri kwamba "mabadiliko" yaachiwe mwendo wa upande mmoja. Kugeuka kwa pepo kuitwe kugeuka, kama kulivyoitwa siku zote. Na ile tofauti ya mwaka kwa mwaka iitwe "mpishano wa mvua": mvua za miaka hupishana, yaani hazilingani, kama vile watu husema kwamba bei zimepishana au hesabu zimepishana. Neno si geni, wala halidokezi kwamba kuna kitu kimeharibika. Na hapo linalishinda neno "hitilafu", ambalo tumeliona likitumiwa kwa kiasi cha joto la bahari kilichozidi au kupungua kuliko wastani. Hitilafu ni ya mtambo. Bahari iliyopata joto la nyuzi mbili zaidi ya wastani haina haja ya fundi. Ina ziada ya nyuzi mbili, na ikipoa chini ya wastani ina upungufu. Ziada na upungufu: kila karani ayajua.

Mtu wa kwanza kuuchunguza mpishano huu kwa hesabu kubwa alikuwa Mwingereza Gilbert Walker, mwanahisabati wa Cambridge aliyeshika uongozi wa idara ya hali ya hewa ya India mwaka 1904, baada ya mvua za mwaka 1899 kukosekana na njaa kuingia. Serikali ilitaka ijue mapema kama mvua zitakuja. Kabla yake Henry Blanford alikuwa amedhani kwamba theluji ya Himalaya, ikiwa nyingi, hudhoofisha mvua zinazofuata. Walker alikusanya takwimu kutoka pande nyingi za dunia, akaona jambo la ajabu: kanieneo ya hewa (wengi bado husema mgandamizo) inapopanda upande wa Bahari ya Hindi na Australia hushuka upande wa Pasifiki ya mashariki, na kinyume chake, kama watoto wawili katika bembea ya ubao. Mwaka 1924 aliupa mwenendo huo jina. Hadi leo hupimwa kwa kulinganisha Tahiti na Darwin. Utabiri wake wa mvua haukufaulu kama alivyotumaini, lakini ile bembea ilikuwa ya kweli; na mwaka 1969 Jacob Bjerknes alieleza kwamba bembea ya hewa na El Nino ya bahari ni pande mbili za jambo moja.

Jina alilolitoa Walker tumeliona likifasiriwa "msukosuko wa kusini". Hilo halifai hata kidogo. Msukosuko hauna mpango, na alichokigundua Walker ni mpango. Twapendekeza "mbembeo wa Kusini", kwa herufi kubwa, na asithubutu mtu kufupisha akasema "mbembeo wa kusi", maana hapo atakuwa ameubembeza upepo.

Kwa mvua zetu, hata hivyo, Pasifiki si habari yote, na hapa twaomba msomaji avumilie kidogo, kwa kuwa ndipo jina "mvua za El Nino" lilipotugharimu zaidi. Mwaka 1999 N. H. Saji, Toshio Yamagata na wenzao walieleza mwenendo mwingine ulio katika Bahari ya Hindi yenyewe. Kwa kawaida, miezi ya Oktoba hadi Desemba, maji yenye joto zaidi huwa upande wa Indonesia. Hewa hupanda huko, hunyesha huko, na kushuka upande wetu ikiwa kavu. Miaka mingine mambo hupinduka: maji ya upande wa Sumatra hupoa, ya upande wa Afrika hupata joto, pepo za ikweta huvuma kuelekea kwetu, na mvua iliyokuwa ya Indonesia ikatujia sisi. Mara nyingi hali hiyo huja pamoja na El Nino, kama ilivyokuwa mwaka 1997. Lakini si lazima.

Mfano ulio bora ni vuli ya 1961. Mwaka ule hapakuwa na El Nino. Hata hivyo mvua zilizonyesha Afrika Mashariki zilikuwa za kutisha, na Ziwa Viktoria likaanza kupanda, likapanda kwa zaidi ya mita mbili kufikia mwaka 1964. India nayo ilipata mwaka huo huo mvua nyingi kupita kiasi. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa inapata uhuru Desemba ile, na Kenya ikiungoja wake, mafuriko yale yaliitwa na watu Mafuriko ya Uhuru. Tunalipenda jina hilo. Linataja wakati, na halijifanyi kutaja sababu. Hakuna mtoto wa shule aliyepata kuandika kwamba uhuru husababisha mafuriko.

Halafu ulikuja mwaka 2015. El Nino ya mwaka ule ilikuwa miongoni mwa zile kubwa zilizopata kupimwa, na watu wakakumbuka 1997. Mifereji ilizibuliwa, fedha zikatengwa, wengine wakahama mabondeni. Vuli ilinyesha, na baadhi ya sehemu zilipata mvua nyingi, lakini haikufikia kiasi cha ile ya 1997, kwa kuwa Bahari ya Hindi haikuinamia upande wetu kwa nguvu kama wakati ule. Wengi wakasema wametishwa bure. Miaka minne baadaye, mwaka 2019, El Nino haikuwapo ya kutajika. Na kwa mtu aliyefundishwa kwamba mafuriko na El Nino ni kitu kimoja, palikuwa hapana la kuhofia. Bahari ya Hindi ndiyo kwanza ilikuwa imepinduka kwa kiasi ambacho ni nadra kuonekana. Vuli ya mwaka ule ilifurika kutoka Sudan Kusini hadi Tanzania, ilhali upande wa pili wa bahari Australia ilikauka na kuungua. Jina lilipiga kelele mwaka 2015 na likanyamaza mwaka 2019. Jina likipotoka hivi, kupotoka kwake hupimwa kwa nyumba na mashamba.

Jambo hili la Bahari ya Hindi huitwa sasa "dipoli", na hatuna ugomvi na neno hilo katika darasa la fizikia. Ugomvi wetu ni na vivumishi vyake. Wataalamu husema "dipoli chanya" pale joto linapokuwa upande wa Afrika, na "dipoli hasi" linapokuwa upande wa Indonesia. Sasa, chanya katika Kiswahili cha leo imekwisha kupata maana ya wema: mtazamo chanya, maoni chanya, matokeo chanya. Tumeona afisa ugani akisoma mbele ya wakulima kwamba dipoli ni chanya, na wakulima wakapiga makofi. Pengine walikuwa na haki, maana walikuwa wa sehemu kavu. Lakini taarifa ile ile ilisomwa pia bondeni. Alama ya hesabu haifai kutolewa nje ya ukurasa wa hesabu. Sisi tungesema "mlemeo wa magharibi" na "mlemeo wa mashariki". Mzigo wa punda ukilemea upande mmoja, kila aliyeona punda ajua upande wa pili umekuwa mwepesi. Na ndivyo ilivyo, joto na mvua vikilemea magharibi mwa bahari, mashariki hukauka. Kwa istilahi hii msikilizaji hupata sababu, mahali na matokeo kwa mara moja, na hahitaji kuambiwa ashangilie au alie.

Tunakubali kwamba istilahi haiwezi kusema yote. Mwaka 1997 Pasifiki ilikuwa na joto kubwa, na kwa kanuni ya Walker India ingelikauka. Lakini mvua zake zilifikia kama asilimia 102 ya wastani. Mwaka 2002 El Nino ilikuwa ya kadiri tu, nayo India ikapungukiwa kwa asilimia 19. Mwaka 2009 kwa asilimia 22. Wataalamu hutoa sababu mbili. Moja ni ule mlemeo wa magharibi wa 1997, ulioipatia India kwa mkono mmoja kile ilichonyang'anywa kwa mkono wa pili. Ya pili ni mahali: joto la Pasifiki likikaa katikati ya bahari huiumiza India zaidi kuliko likikaa karibu na Peru. Kwa hiyo hata kusema "El Nino kubwa" hakutoshi. Lazima iulizwe iko wapi.

Hili latufikisha kwenye kitenzi "kusababisha", ambacho wafasiri wetu hukimwaga kama chumvi. Waingereza wana neno moja lenye asili katika kuendesha gari ambalo wanasayansi wao hulitumia kwa jambo lolote lenye mkono katika kuibadilisha hali nyingine. Tumeona likifasiriwa "viendeshaji vya mvua", na tukajiuliza leseni zao zilitolewa na nani. Wengine husema "vichocheo", ambalo katika kemia lina kazi yake. "Visababishi" ni bora, ila ni kali mno pale ambapo uhusiano ni wa kadiri. Mvua za vuli zina uhusiano wenye nguvu na mbembeo na mlemeo. Mvua za masika hazina, au unao udhaifu mkubwa. Masika ya 2018, yaliyofurika sana Kenya, yalihusishwa na lile wimbi la mawingu lizungukalo tropiki kwa siku 30 hadi 60, walilolieleza Madden na Julian mwaka 1971, pamoja na vimbunga vya baharini. Masika ya 2024 yalipofurika Rufiji na Nairobi, wengi waliendelea kusema ni El Nino ya vuli iliyopita ambayo haijaondoka. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha vya kupima nguvu ya uhusiano: kuleta, kuchangia, kuambatana na, kuelekeza, kuongeza uwezekano wa. Mfasiri achague kwa kupima, asichukue kilicho karibu na mkono. Na pale ambapo hakuna sababu ya nje inayojulikana, maana sehemu ya mpishano wa mvua hutokana na michafuko ya hewa yenyewe isiyotabirika miezi mingi kabla, aandike hivyo bila haya.

Limebaki neno "wastani", nalo ndilo lenye hatari kwa sababu kila mtu adhani alijua. Mwalimu wa hesabu hufundisha kwamba wastani ni namba moja. Katika taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, mvua huhesabiwa kuwa za wastani zikiwa kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu. Yaani mahali ambapo wastani ni milimita 400, milimita 300 ni "wastani", na 500 ni "wastani". Idara ya India, inayohesabu nchi nzima kwa pamoja, husema mvua ni za kawaida zikiwa kati ya asilimia 96 na 104 ya wastani wao, ambao ni kama sentimita 87 kwa miezi minne. Kwa nchi kubwa namna ile upungufu wa asilimia 10 tu ni balaa. Mfasiri atafsiripo taarifa ya India kwa kutumia "wastani" kwa maana ya Tanzania amebadilisha kipimo bila kumwarifu mnunuzi. Shauri letu ni kwamba ile namba iitwe wastani, na upana ulioizunguka uitwe "kiwango cha kawaida", na kila mara mipaka yake itajwe. Pia asilimia za uwezekano zisiachwe njiani. Mtaalamu akisema kuna uwezekano wa asilimia 50 wa mvua kuvuka kiwango cha kawaida, taarifa isifike kijijini ikisema tu kwamba "mvua zitakuwa juu ya wastani". Mtaalamu ameacha mlango wazi; mfasiri hana ruhusa ya kuufunga.

Kwa mwalimu wetu, basi: mtoto aliyeandika kwamba El Nino ni mvua apewe nusu ya alama, na pembeni aandikiwe swali, "Mvua ya wapi?" Akijibu "ya Pasifiki", apewe alama zote.

Tunawaomba wasomaji wa Lamu, Pemba, Kilwa na Bagamoyo watuandikie kuhusu jambo moja. Tumewauliza mabaharia wazee wawili jina la kusi inayochelewa kuanza, au inayoanza na kisha kukatika kwa majuma mawili kabla ya kushika. Mmoja alisema halina jina, husemwa tu "haijashika". Wa pili alisita, akasema baba yake alikuwa na neno lake, lakini limemtoka.